Waliogopa Kukata Kano, Wakauvunja Unyayo

Hukumu naitoa mapema ili msinitafute mwishoni: kano ya kisigino ilipaswa kukatwa. Kazi nzuri ya majuma manne iliharibiwa na uamuzi mmoja wa plasta ya tano, na uamuzi wenyewe haukuwa mgumu kiasi hicho.

Video ya mtoto mwenye mguu uliopinda tangu kuzaliwa, akipigwa plasta, mmeiona. Imepita kwenye simu za wahudumu wa afya kutoka Suna hadi Homa Bay, na mimi nimetumiwa na watu ambao hata hawajuani. Uso wa mtoto haukuonyeshwa, na hilo ni jema. Kliniki siitaji, wala aliyevaa glavu simtaji. Safu hii huchambua mikono, si majina.

Plasta nne za kwanza zilipigwa sawasawa: kidole gumba mahali pake, pamba nyembamba, goti limekunjwa nyuzi 90. Sifa zao ndizo hizo. Sasa tuje kwenye plasta ya tano.

Irudisheni video hadi pale plasta ya nne inapomaliza kutolewa na mguu unafutwa maji. Ukingo wa nje wa unyayo umenyooka. Mkunjo wa ndani umebaki alama tu. Unyayo wote umetoka nje vizuri, na ukipapasa mbele ya kifundo, kichwa cha talasi, mfupa wa kifundo, hakichomozi tena kama juma la kwanza. Mguu umefika mlangoni. Yeyote aliyefunzwa kazi hii anajua mlango huo unafunguliwa kwa nini.

Kisha mkono wa kushoto unaachia talasi. Mimi video niliisimamisha hapo. Mkono wa kulia unateremka, kiganja kinalazwa chini ya mbele ya unyayo, na kusukuma kunaanza, moja kwa moja kuelekea juu. Bendeji za plasta zinazungushwa huku kiganja kikiwa palepale. Sauti ya nyuma inashangilia kwamba mguu umefika nyuzi tisini. Mama naye anatabasamu, na nani amlaumu? Ameambiwa mtoto amepona.

Rudieni tena, na safari hii acheni vidole, tazameni kisigino. Vidole vinapanda, kisigino hakishuki. Mkunjo mrefu wa ngozi nyuma ya kifundo uko vilevile tangu mwanzo wa video hadi plasta inapoufunika. Kama mfupa wa kisigino ungeshuka, mkunjo ule ungefunguka, kwa kuwa ngozi ya mahali hapo haiwezi kukaa imekunjamana wakati mfupa ulio chini yake umejinyoosha. Haukufunguka. Kwa hiyo ile tisini iliyoshangiliwa haikutoka kwenye kifundo hata kidogo. Ilitoka katikati ya unyayo, mahali ambapo mwanadamu hana kiungo cha kukunjia mguu kwenda juu. Unyayo umevunjiwa katikati, ukabaki na tumbo chini kama mtumbwi wa Karungu, na sasa una ulemavu wa pili ambao mtoto hakuzaliwa nao.

Sababu yake haihitaji mashine ya eksrei kuielewa. Kwenye mguu uliopinda tangu kuzaliwa, kano ya kisigino ni fupi na nene, nayo imeuvuta mfupa wa kisigino juu na kuushikilia huko. Mifupa ya katikati ya unyayo wa mtoto mchanga bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, laini na inayotii. Ukisukuma kutoka mbele ilhali kano imeshika kwa nyuma, nguvu zako hazitaishinda kano. Zitakimbilia kilicho dhaifu, na kilicho dhaifu ni katikati. Kadiri mikono ilivyo na nguvu, ndivyo madhara yanavyozidi. Laiti yule ndugu angekuwa mvivu siku ile, mtoto angenusurika.

Kavasi (upinde uliozidi wa unyayo), adaktasi (mbele ya unyayo kugeukia ndani), varasi (kisigino kulala upande wa ndani), ekwinasi (kisigino kuvutwa juu): ndio mpangilio wa kurekebisha. Mpangilio huu haukuwekwa ili ukaririwe siku ya mtihani. Kavasi hutangulia, kwa kuinua mbele ya unyayo katika plasta ya kwanza, ili mbele ilingane na nyuma. Kisha unyayo hupelekwa nje hatua kwa hatua huku gumba likizuia kichwa cha talasi, na hapo adaktasi na varasi hurekebishika pamoja, maana kisigino hujiviringisha chenyewe chini ya talasi bila kuguswa. Ekwinasi ni ya mwisho. Imewekwa mwisho kwa sababu kisigino kilicholala upande hakiwezi kushuka, na kwa sababu hata kikishakaa sawa, katika miguu mingi, asilimia 80 hadi 90, hakitashuka mpaka kano ikatwe. Sasa kama miguu minane hadi tisa katika kila kumi huhitaji kukatwa kano, anayeamua kutoikata ndiye mwenye kazi ya kujieleza. Kwetu mambo yamegeuzwa: anayekata ndiye huulizwa maswali.

Alama za Pirani, za kupima ukali wa mguu uliopinda, zingewaokoa. Ishara ni sita, tatu za katikati ya unyayo na tatu za nyuma, kila moja sifuri, nusu au moja. Kwa macho yangu, na nikiwahurumia, katikati mguu ule haukuzidi nusu. Nyuma ulikuwa na mbili na kitu: mkunjo wa nyuma, ekwinasi ngumu, kisigino kitupu. Katikati chini ya moja, nyuma juu ya moja, kichwa cha talasi kimefunikwa, unyayo umetoka nje nyuzi 60 hivi. Kanuni inasema kata, wala haisemi jaribu kwanza kusukuma. Na kwenye video nzima sikuona kadi, kalamu wala mtu akiandika namba. Hayo ya kadi tutayarudia, maana ni ugonjwa wangu wa zamani.

Kukata kwenyewe ni jambo la dakika chache. Dawa ya ganzi kidogo, kisu chembamba kinaingia sentimita moja hivi juu ya mahali kano inaposhikamana na mfupa, kano inakatwa yote, na mkono ulioshika mguu unasikia ikiachia. Mguu unapanda nyuzi 15 hadi 20 zaidi papo hapo, na safari hii kisigino kinashuka kweli. Hakuna uzi wala wodi. Plasta ya mwisho inakaa majuma matatu, na katika muda huo kano ya mtoto huota upya kwa urefu mpya. Kitabu chote cha upasuaji wa watoto kina sura chache zenye faida kubwa namna hii kwa jeraha dogo namna hii.

Najua utetezi utakaokuja, maana umeshaanza kunifikia. Wa kwanza: mama aliogopa kisu. Bila shaka aliogopa, kwa sababu alisikia habari za kisu kwa mara ya kwanza kwenye plasta ya tano. Habari za kano husemwa siku ya kwanza, mtoto akiwa bado amevaa soksi zake. Mama akishajua tangu mwanzo kwamba plasta zitakuwa tano au sita, kisha kano, kisha viatu vya chuma, hatashtuka. Hofu ya mama ilitengenezwa na ukimya wa kliniki.

Wa pili: hakukuwa na daktari wa kukata. Hapa ndipo uamuzi unapoonekana ubovu wake wote, kwa sababu wala haikuwa lazima kuchagua kati ya kukata na kusukuma. Kulikuwa na njia ya tatu, na ilikuwa bure. Rudisha mguu kwenye plasta ileile ya kutoka nje, usiguse ekwinasi, andika barua ya rufaa, mtoto aende Kisii au Kisumu juma linalofuata au hata la pili. Mguu uliokaa ndani ya plasta ya namna hiyo juma moja zaidi haupotezi chochote. Kungoja kulitosha. Mtu aliyekosa kisu alikuwa na ruhusa ya kusubiri, akachagua kutumia nguvu.

Na hilo la kukosa daktari nalo lisitiwe chumvi. Blantyre, Malawi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba maafisa wa kliniki wa mifupa, watu wasio madaktari bingwa, walinyoosha karibu nyayo zote walizozishughulikia kwa njia ya Ponseti, ndiyo hii ya plasta za kila juma na kukata kano. Kwa hiyo hoja ya kwamba Suna ni mbali na mabingwa haina uzito. Ponseti haihitaji bingwa. Huhitaji mikono iliyofunzwa na moyo wa kufuata utaratibu.

Wa tatu, nao ndio unaoniudhi zaidi: eti kliniki haipendi kukata watoto. Nami sipendi. Wasomaji wa siku nyingi wanajua ugomvi wangu na wapenda visu. Baada ya daktari wa mifupa Turco kuchapisha upasuaji wake mwaka 1971, ulimwengu wa mifupa uliingia katika miongo ya kufungua nyayo za watoto, kuachia viungo kimoja baada ya kingine, na kufunga kwa fahari. Nyayo zilitoka chumba cha upasuaji zimenyooka kama rula. Watoto walipokuwa watu wazima, wengi walibaki na nyayo ngumu, zenye maumivu na zisizo na nguvu. Basi sikilizeni: anayekwepa mkato mdogo wa kano leo ndiye anayemwandikia mtoto upasuaji mkubwa wa kesho. Unyayo uliovunjika katikati ukiachwa hivyo utaishia mezani, na hapo hakutakuwa na kisu chembamba.

Kosa hili lina babu yake. Kite, daktari wa mifupa wa Atlanta, alikuwa mtu mvumilivu na mchapakazi, na kwa wakati wake alikuwa na haki ya kukataa ukatili wa kunyoosha kwa nguvu uliokuwepo kabla yake. Lakini gumba lake alilibonyeza mbele mno, kwenye kiungo cha kisigino na mfupa wa kuboidi, akakifunga kisigino kisizunguke. Ndiyo maana plasta zake zilienda miezi na miezi. Ponseti aliliona gumba lile likiwa pabaya, akalirudisha nyuma kidogo tu, kwenye kichwa cha talasi, na miezi ikawa majuma. Kuhama kidogo kwa gumba ndiko kulikotenganisha njia mbili. Aliyekuwa kwenye video alilijua gumba hilo, alilitumia mara nne. Mara ya tano akaliondoa kabisa.

Ponseti huyo alizaliwa Menorca mwaka 1914, akatibu majeruhi wa vita vya Uhispania upande ulioshindwa, akakimbia, akapita Mexico, akafika Iowa mwaka 1941. Alipoangalia wagonjwa wa zamani waliokuwa wamepasuliwa nyayo, akakuta ugumu na maumivu, hakuandika risala ya kulalamika. Alichukua miguu ya vichanga waliozaliwa wafu akaichambua, akasoma mwendo wa kila mfupa, ndipo akaanza kupiga plasta. Alichapisha matokeo mwaka 1963 na wenzake hawakumjali kwa miaka 30. Mwaka 1995 wenzake wa Iowa walipowapima watu aliowatibu, wakiwa watu wazima wenye umri wa miaka 30 na kitu, asilimia 78 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Katika watu waliozaliwa bila kasoro yoyote ilikuwa asilimia 85. Mwanadamu angeomba nini zaidi? Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 95, na karibu hadi mwisho alikuwa bado akipiga plasta.

Wala si lazima twende Iowa. Ng'ambo tu ya ziwa letu, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, Norgrove Penny na Shafique Pirani waliichukua njia hiyo wakaikabidhi kwa maafisa wa mifupa wa kawaida wa serikali. Michiel Steenbeek, Mholanzi aliyefanya kazi Katalemwa Cheshire Home, pembeni mwa Kampala, akatengeneza viatu vya chuma kwa ngozi na nondo ambazo fundi yeyote wa mjini anaweza kuzipata, kwa dola 10 hivi. Hapa Kenya, Kijabe, ambako shirika la CURE lilifungua hospitali yake ya kwanza mwaka 1998, watoto walinyooshwa miguu wakati wengi wetu bado tulikuwa tunabishana kama plasta inafaa. Kizazi kile kilikuwa na vifaa vichache kuliko vyetu, hakikuwa na simu ya kujirekodi, na kilikuwa na jambo moja linalotupotea: kilikubali kurudi nyuma hatua moja. Mafundi wa zamani wa chumba cha plasta wakiona mguu umegoma, waliulaza, wakaupapasa tena, wakamwita mwenzao. Leo mguu ukigoma tunauona kama umetutukana.

Na kwa kuwa niko kwenye malalamiko, plasta fupi. Kwenye ile ya tano waliishia chini ya goti. Nimelisema hili hadi mmechoka kunisikia na nitalisema tena: plasta ya mguu uliopinda huanzia vidoleni na kuishia kinenani, goti limekunjwa. Plasta fupi huteleza, na talasi inayopaswa kushikiliwa huzunguka pamoja na mguu, na kazi yote inakuwa mapambo. Wanaosema plasta fupi inaokoa bendeji wahesabu pia bendeji za kurudia.

Viatu vya chuma navyo. Saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi mtoto afike miaka minne. Mguu ulioathirika nyuzi 60 hadi 70 nje, ule mzima 30 hadi 40. Miguu mingi inayorudi kupinda hurudi kwa sababu ya viatu kuachwa. Lakini tusiwageuzie wazazi kidole upesi. Mama anayetoka Wiga au Wasimbete kwa bodaboda kila juma, mtoto mwenye plasta mapajani, nauli ya kwenda na kurudi, kisha akifika anaulizwa kwanza kama amejisajili kwa bima ya afya ya SHA, huyo amefanya sehemu yake. Sehemu yetu ni viatu viwepo siku plasta ya mwisho inapotoka, visiagizwe siku hiyo.

Halafu kuna chira, laana ya kuvunja mwiko. Bado kuna nyumba huku kwetu ambako mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda, mama huulizwa ni mwiko gani aliovunja, yeye au mkwe wake. Takriban mtoto mmoja katika kila 1,000 huzaliwa hivi, Suna kama London, wavulana mara mbili ya wasichana, na hakuna mwiko uliohusika. Mama anayefika kliniki na mzigo huo kichwani humwamini mwenye glavu kupita kiasi. Kwake tisini ni tisini. Hana njia ya kujua kwamba amepewa tisini ya uongo, na hapo ndipo ninapokataa kuliita kosa hili dogo.

Kwa waliopiga plasta ile: mguu bado unaokoka, mkifanya upesi. Ondoeni plasta hiyo, msisubiri juma liishe. Acheni kabisa kusukuma juu. Ulazeni unyayo ulivyokuwa, vidole vikielekea chini, ili katikati ipone na mifupa irudi mstarini. Shikilieni kutoka nje kwa plasta ndefu. Kisha mpelekeni mtoto akakatwe kano. Pigeni picha ya eksrei ya upande kama ipo, mfupa wa kisigino utaonekana wenyewe ulivyo juu. Na mwambieni mama ukweli, kwamba plasta ya tano ilikosewa na mnairekebisha. Atakasirika, kisha atarudi. Asiyeambiwa ndiye asiyerudi.

Kwa wenzangu wengine wa kliniki zote, kutoka Migori mjini hadi Kendu Bay, ombi langu ni la kalamu. Andikeni alama za Pirani kwenye kadi kila juma, kabla hamjagusa bendeji, nyuma na katikati kwa safu mbili tofauti. Katikati ikishuka chini ya moja na nyuma ikabaki juu ya moja, weka mikono chini na uite mwenye kisu. Asipokuwepo, piga plasta ileile ya juma lililopita na uandike rufaa.

Nawe mzazi unayesomewa haya na jirani, usiangalie vidole vya mwanao siku ya plasta. Omba ruhusa, shika kisigino. Ukikuta laini, mfupa hausikiki chini ya kidole chako, na kuna mkunjo mrefu nyuma ya kifundo, mwulize mhudumu swali moja: kano itakatwa lini? Akikujibu kwamba haihitajiki, mwambie akuonyeshe kisigino kilichoshuka.